Betri mpya, chaji haikai: tatizo lilikuwa CPU

Wiki iliyopita aliingia kwenye kibanda changu hapa Mbuyuni, Moshi, mama mmoja mhasibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huko Kibosho. Shikamoo, marahaba, kisha akaitua kompyuta mpakato mezani kama mtu anayerudisha kuku mgonjwa kwa aliyemuuzia.

"Mwanangu, betri nimenunua mpya, na bado inakaa masaa mawili tu. Umeme ukikatika huko juu katikati ya kulipa wakulima, mimi nafanyaje?"

Nikaishika kwa chini. Ya moto. Feni inalia, na kilichofunguliwa ni jedwali moja tu la Excel.

"Mama, nadhani tatizo liko kwenye CPU."

"CPU? CPU yetu mbona nzima, jana tumemenya mpaka saa mbili usiku."

Kwa msomaji asiyekulia mlimani: kwa watu wa kahawa, CPU ni mtambo wa pamoja wa kumenya kahawa mbivu, ule ambao wakulima wanaupelekea walichochuma siku hiyohiyo, kwa sababu kahawa mbivu ikilala inaharibika. Wa kwao unaendeshwa na injini ya dizeli. Tulicheka, lakini nilipoanza kumweleza CPU yangu, yaani prosesa, ubongo wa kompyuta, nilijikuta naazima ya kwake, na somo likaingia upesi kuliko nilivyozoea.

Kwanza nilipima betri. Mafundi wengi tunateleza hapa: mteja akitaja betri, tunamuuzia betri. Kwenye Windows fungua lile dirisha jeusi la amri, andika `powercfg /batteryreport`, nalo litakutengenezea ripoti inayofunguka kwenye brauza. Humo tafuta mistari miwili, "Design capacity" na "Full charge capacity". Wa kwanza ni ujazo ambao betri ilitoka nao kiwandani, wa pili ni ujazo inaoufikia leo. Yake ilisoma 50,000 na 48,600, kwa miliwati-saa. Hiyo betri haina kosa. Lakini wati-saa 48.6 zikiisha kwa saa mbili, maana yake mashine inakula wati 24 mfululizo. Mashine ya aina yake, skrini ikiwa na mwanga wa wastani na mtu anajaza jedwali, haipaswi kuzidi wati 5 hadi 8. Prosesa yenyewe ni Core i5-8250U ya mwaka 2017, ambayo Intel waliiwekea kipimo cha wati 15 ikiwa na kazi nzito kwa mwendo wake wa msingi. Kuna mtu alikuwa anaipigisha mbio bila kazi.

Nikaingia kwenye mipangilio ya umeme. Aliyemuuzia mashine, nadhani ili ionekane nyepesi siku ya kununua, aliiacha kwenye mpango wa "High performance". Ukifungua mipangilio ya ndani zaidi, sehemu ya prosesa, unakuta "Minimum processor state", kasi ya chini kabisa ambayo prosesa inaruhusiwa, imesimama kwenye asilimia 100. Mpango wa kawaida, ule wa "Balanced", huiweka 5.

"Hiyo ni sawa na kuzungusha mtambo wenu kwa kasi yote tangu asubuhi," nilimwambia, "na kahawa inaletwa jioni."

"Nani analipa hiyo dizeli?"

"Betri."

Hapa lakini lazima nijitofautishe na video nyingi za mtandaoni zinazoishia kwenye asilimia hiyo. Prosesa za leo zina ngazi za usingizi. Kiini (kila prosesa ina viini kadhaa vinavyogawana kazi) kisicho na kazi hulala hata kama umekiamuru kiwe asilimia 100: kwanza kinasimamishwa, kikizidi kulala kinakatiwa umeme kabisa. Ile 100 inasema kikiamka kiamke na kasi gani, haikizuii kulala. Kwa hiyo kwenye mashine iliyotulia kwelikweli, kosa hilo pekee halimalizi betri kwa saa mbili. Madhara yake yanaonekana pale kinapokuwepo kitu kinachokiamsha kila mara.

Na kilikuwepo. Nilifungua Task Manager, nikapanga programu kwa matumizi ya prosesa, nikakaa kimya dakika tano nikitazama. (Dakika tano ni nyingi fundi ukiwa na foleni mlangoni, lakini ukitazama sekunde kumi huoni kitu.) Antivairasi mbili zilikuwa zinakaguana mafaili zenyewe kwa zenyewe, kila moja ikishtuka mwenzake akigusa kitu. Pembeni yake programu ndogo ya printa (printa yenyewe mama aliigawa zamani) ilikuwa inaamka kila baada ya sekunde chache kuitafuta. Fikiria mtoto anayeleta kiganja kimoja cha kahawa mbivu kila dakika. Huwezi kuzima injini, na huna kahawa ya maana ya kumenya. Niliondoa antivairasi moja, nikaondoa programu ya printa, nikarudisha mpango wa "Balanced". Feni ikanyamaza kabla sijamaliza kufunga madirisha.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini mama huyu anafanyia kazi mahali ambapo umeme ukikatika hajui utarudi lini, kwa hiyo niligusa na ile ya juu, "Maximum processor state", upande wa betri tu. Niliishusha kutoka 100 hadi 99. Asilimia moja inaonekana kama mzaha, ila Windows ikikatazwa kufika 100 haiombi tena Turbo Boost, ile kasi ya ziada ambayo kwa prosesa hii inapanda kutoka gigahezi 1.6 hadi 3.4. Mashine inabaki kwenye mwendo wake wa msingi au karibu na hapo.

Kwa nini kasi ya ziada ni ghali kiasi hicho? Kwa sababu prosesa haikimbii bure, lazima iongezewe volti. Umeme unaoliwa unafuata mwendo ukizidishwa kwa volti, halafu ukizidishwa kwa volti tena. Ukiongeza mwendo mara moja na nusu, na volti zikalazimika kupanda kwa robo, ulaji unapanda takriban mara 2.3. Umepata nusu ya kasi zaidi, umelipa zaidi ya mara mbili. Kwenye chaja sijali, acha ikimbie. Kwenye betri, jedwali la malipo ya wakulima halioni tofauti.

Usishawishike kushuka hadi 50 au 30 kama wanavyoshauri baadhi. Mtambo ukizungushwa kwa kasi ya konokono, kahawa ileile inamenywa mpaka usiku wa manane, na taa zote za kibanda zinawaka muda wote huo. Skrini ndiyo taa yako. Bora prosesa imalize upesi ilale kuliko iburuze kazi. Nimewahi kupokea mashine iliyowekwa 20 na mwenyewe akidai ina virusi.

Mashine nyingi mpya zimeficha sehemu hiyo ya prosesa kwenye menyu. Zikiwa hivyo natumia amri, nikifungua dirisha la amri kama msimamizi:

`powercfg /setdcvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMIN 5`
`powercfg /setdcvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMAX 99`
`powercfg /setactive scheme_current`

Herufi "dc" ni upande wa betri, "ac" ni upande wa chaja. Bila mstari wa tatu hutaona badiliko lolote, na hapo ndipo watu wanaponipigia simu. Kwa prosesa za Intel kizazi cha 12 na kuendelea, zile nyingi zenye viini vikubwa na vidogo pamoja, mimi siendi na njia hii. Nachagua tu hali ya kubana umeme kwenye mipangilio ya kawaida na kuiachia prosesa yenyewe igawe kazi.

Wa Linux ni rahisi zaidi: sakinisha TLP, programu ya kubana umeme, halafu endesha powertop uone nani anaamsha prosesa mara nyingi.

Jambo moja zaidi, maana nililikuta kwenye mashine hiyohiyo. Alikuwa anafunga kifuniko, anaitia kwenye mkoba, anapanda Hiace kuelekea Kibosho. Mashine nyingi za siku hizi zikifungwa hazilali fofofo, zinasinzia kama simu, bado zimeshika intaneti na kupokea taarifa. Antivairasi nayo inapata nafasi. Amri ya `powercfg /sleepstudy` inaonyesha kila usingizi ulikula chaji kiasi gani, na safari yake moja ya asubuhi ilikuwa imekula asilimia 11 kwenye giza la mkoba. Nilibadilisha kufunga kifuniko kuwe ni "Hibernate", kulala kule kwa kuandika kila kitu kwenye diski na kuzima kabisa. Inachukua sekunde chache zaidi kuamka.

Nilichomoa chaja nikaiacha mezani nusu saa, mama akijaza jedwali lake la wiki. Ulaji ulicheza kwenye wati 7. Kwa betri ile ni karibu saa saba.

Alilipa, akafunga kompyuta, akasimama mlangoni akifikiri. Kisha akauliza kama hiyo 99 naweza kupanda nayo Kibosho nikaiweke kwenye CPU yao, maana dizeli nayo haikai.