Je, wajua kwa nini kompyuta ya zamani huganda baada ya kuongezewa vifaa vipya?

Kompyuta nyingi za mezani zinazotumika Lamu, iwe kwenye vibanda vya kuchapa na kutoa kopi Langoni au kwenye ofisi za shule, ni mitumba iliyokwisha kufanya kazi miaka mingi katika ofisi za ng'ambo. Zikifika huku huongezewa RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, diski ya kuzunguka hubadilishwa ikawekwa SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, na mwenye kuhariri video za harusi hutia kadi ya video. Mashine inawaka haraka, mwenyewe anafurahi. Wiki mbili baadaye inaanza kuganda: skrini inasimama, mshale hausogei, na hakuna la kufanya ila kubonyeza swichi mpaka izime.

Wa kwanza kulaumiwa huwa ni virusi, na dawa ya kwanza ni kupiga Windows upya. Mara nyingi hiyo ni kazi bure. Kifaa kipya huwa kizima. Kilichochoka ni cha zamani kilichobaki ndani, ambacho sasa kimetwikwa mzigo ambao hakikuwa nao. Na kwa kuwa kipuri kikiagizwa Mombasa kinapita Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, ndipo kivushwe kwa boti, ni vyema kujua kilichoharibika kabla ya kutuma pesa.

Dalili iko katika namna yenyewe ya kuganda. Mashine ikisimama, usiizime kwanza. Bonyeza Caps Lock utazame taa yake kwenye kibodi. Ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, mfumo bado uko hai nao unasubiri kitu, hasa diski au draiva ya video, yaani programu inayoendesha kadi ya video. Hapo bonyeza pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B. Draiva ya video itaanzishwa upya, na skrini ikirudi umeshampata mkosaji. Taa isipobadilika kabisa, mashine imekufa ganzi, na wa kushukiwa ni RAM, umeme au joto.

Ikiganda nusu dakika au dakika nzima kisha ikaendelea kama kwamba hakuna lililotokea, mara nyingi hiyo ni diski. Andika eventvwr kwenye kisanduku cha kutafutia, ufungue kumbukumbu za System, uangalie saa ile ile iliyoganda. Ujumbe wa Kernel-Power namba 41 huwatisha wengi, nao hausemi zaidi ya kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri. Wenye maana ni namba 129, yaani diski iliitwa ikakosa kuitika mpaka mfumo ukaianzisha upya, na namba 7, yaani kuna sehemu ya diski isiyosomeka. Ukikuta WHEA-Logger, ni vifaa vyenyewe vinavyolalamika, na ni nadra dawa yake kuwa kupiga Windows upya.

Kuna jambo moja kuhusu diski linalowapita hata mafundi. Windows ikishahamishiwa SSD, diski ya zamani huachwa ndani ili iendelee kuhifadhi picha na nyaraka. Diski hiyo ikianza kufa, inaweza kuigandisha mashine nzima ijapokuwa Windows haimo ndani yake, kwa sababu kila unapofungua orodha ya mafaili, mfumo unaiita na kuisubiri. Zima mashine, chomoa nyaya za diski hiyo, ufanye kazi siku nzima bila yake. Mgando ukiisha, umepata jibu bila kununua chochote.

Programu ya bure ya CrystalDiskInfo husoma afya ya diski. Tazama mistari ya 05 na C5: ya kwanza ni sehemu zilizokwisha kuhamishwa, ya pili ni zile zinazosubiri kuamuliwa. C5 ikiwa si sifuri, nakili kazi zako leo hii, na usikimbilie kuendesha chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, kwani kuisomesha diski mgonjwa kutoka mwanzo hadi mwisho kunaweza kuimaliza. Mstari wa C7 una habari nyingine kabisa: huhesabu makosa ya mawasiliano baina ya diski na mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote, na kwa kawaida sababu yake ni kebo ya SATA, waya unaoziunganisha, iliyolegea au kuchoka. Hesabu hiyo hairudi nyuma hata ukibadilisha kebo, basi iandike mahali, uweke kebo nyingine, na uangalie kama inaendelea kupanda. Ikiwa SSD yenyewe ndiyo inayoganda na mistari yote ni safi, weka mpango wa umeme wa Windows kwenye High performance. Baadhi ya SSD za bei ya chini hazielewani na mazabodi za zamani pale kiungo cha SATA kinapolazwa ili kuokoa umeme.

RAM ndipo mwambao unapojitia. Upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi, zikaingia ndani ya kasha pamoja na vumbi. Chumvi ya kawaida huanza kufyonza maji ya hewa na kulowa pale unyevu wa hewa unapofika takriban asilimia 75, kiwango ambacho Lamu hukipita usiku mwingi. Utando huo wenye chumvi hupitisha umeme kidogo na huila shaba. Mashine inayoganda asubuhi mara tu baada ya kuwashwa, kisha ikatulia ikishapata moto, ikaguliwe hapa kwanza, ingawa kapasita zilizochoka, vile vijipipa vya kuhifadhi umeme, nazo huwa na tabia hiyo hiyo.

Chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha kasha. Fungua vibanio viwili utoe RAM, uishike kwa kingo na kuigeuza kwenye mwanga. Meno yake ya dhahabu yanatakiwa yang'ae sawasawa. Ukiona ukungu wa kahawia au vidoa vya kijani, chumvi imeshaanza kazi. Lowesha kitambaa kisichotoa nyuzi kwa alkoholi ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi, futa pande zote mbili, uache ikauke. Sanitaiza ya mikono haifai, ina maji na huacha utelezi. Msasa ni marufuku: dhahabu ile ni nyembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, na chini yake kuna nikeli na shaba. Ukiikwangua, meno yatang'aa leo, na chumvi itapata mlango ulio wazi. Nafasi ya RAM isafishwe kwa brashi kavu, wala usiipulize kwa mdomo, maana pumzi ina maji. Rudisha RAM, ubane mpaka vibanio vyote viwili vilie.

Baada ya usafi, ipime. Weka MemTest86, programu ya kupimia RAM, kwenye flashi, uwashie mashine humo, uiache ikimbie mizunguko minne, kazi inayoweza kuchukua usiku kucha. Hata kosa moja ni kosa. RAM iliyo nzima haitakiwi kukosea. Vipande viwili vya kampuni tofauti vinaweza kupita kila kimoja peke yake vikashindwa vikiwa pamoja, na hapo hakuna kilichoharibika, ila haviwezi kukaa nyumba moja. Tafuta jozi inayofanana.

Umeme unahitaji hesabu. Kompyuta ndogo za ofisini, kama Dell OptiPlex za kasha jembamba, nyingi zina pawasaplai, kisanduku kinachoigawia mashine umeme, ya takriban wati 240 tu. Kadi ya video isiyo na waya wake wa umeme huweza kuchota hadi wati 75 kupitia nafasi yake kwenye mazabodi. Yenye soketi ya pini sita huongeza 75 nyingine. Wengine hutumia adapta inayogeuza plagi ya umeme ya SATA kuwa pini sita, na hilo ni hatari. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ikimudu ampea 1.5, yaani wati 54 kwa jumla. Ukiitaka wati 75 plastiki huweza kuyeyuka, na moto unaweza kuanza hapo. Nunua kadi isiyohitaji waya, au ubadilishe pawasaplai.

Kupima, chomeka multimita, kifaa cha kupimia volti, kwenye plagi iliyo wazi ya pini nne wakati mashine inafanya kazi nzito, kwa mfano inatoa video. Waya wa manjano na mweusi usome kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu na mweusi kati ya 4.75 na 5.25. Manjano ikishuka chini ya 11.4 pale tu kazi inapokuwa nzito, pawasaplai imechoka. Usiifungue kuirekebisha, ndani yake kuna kapasita zinazoshika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa. Kapasita za kwenye mazabodi unaweza kuzikagua kwa macho: vichwa vyake vinatakiwa viwe bapa. Kilichovimba au kuvuja utomvu wa kahawia kimekwisha.

Mgando unaokuja baada ya dakika ishirini za kazi mara nyingi ni joto. Pakua Core Temp, programu inayosoma joto la prosesa. Prosesa ikikaa juu ya digrii 85, zima mashine, shika mapanga ya feni yasizunguke, toa vumbi, na uangalie pini nne za plastiki zinazoshikilia kipooza joto kwenye mashine nyingi za Intel. Moja ikichomoka, kipooza joto huinama upande na pesti, ule utando wa kupitisha joto kati yake na prosesa, huacha kugusa. Futa pesti ya zamani, weka tone la ukubwa wa punje ya mbaazi katikati, ubane pini kwa mshazari.

Ukiwa bado hujapata jibu, irudishe mashine kama ilivyokuwa: kipande kimoja cha RAM, SSD peke yake, bila kadi ya video. Itumie siku mbili, kisha ongeza kifaa kimoja kimoja. Kipande cha RAM kikileta mgando, kihamishie nafasi nyingine kabla ya kukitupa, kwa sababu nafasi yenyewe nayo hula kutu. Nafasi ikiwa ndiyo mbovu, ibandike karatasi ya gundi ili fundi ajaye asiitumie, na mazabodi ikikubali, weka kipande kimoja cha GB 8 mahali pa viwili vya GB 4.