Theluji ya Antaktika Hainyeshi Hivyo Mnavyodhani

Wiki iliyopita nimeisikia tena, safari hii redioni, kutoka kwa mtu aliyealikwa kuwafundisha watoto jiografia: eti Antaktika kuna barafu nene kwa sababu theluji huanguka huko usiku na mchana, mwaka mzima. Nimeisoma kwenye vitabu vya shule, nimeisahihisha kwenye semina, na bado inarudi. Kazi yangu ni kupima mvua na chochote kingine kinachodondoka kutoka angani, kwa hiyo siwezi kuendelea kuinyamazia.

Chukua bara zima la Antaktika, kilomita za mraba zipatazo milioni 14. Yeyusha theluji yote inayoanguka kwa mwaka, itandaze sawasawa, utapata maji ya kina cha milimita 150 au zaidi kidogo. Lodwar, kule Turkana, hupata karibu 200. Na wastani huo umebebwa na pwani. Ukiingia ndani, kwenye uwanda wa juu wa mashariki, kuna maeneo makubwa yasiyofikisha hata milimita 50. Hilo ni jangwa, na ni kubwa kuliko Sahara.

Sababu haina ugumu wowote: hewa baridi haibebi mvuke. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 inaweza kushika gramu 30 hivi za mvuke. Ishushe hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, haishiki hata robo ya gramu. Kituo cha Warusi cha Vostok kilisoma nyuzi 89.2 chini ya sifuri tarehe 21 Julai 1983. Katika hewa ya namna hiyo theluji itatoka wapi? Halafu kuna mwinuko. Vostok iko karibu mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, na kituo cha Wamarekani cha Amundsen-Scott, penye ncha yenyewe, kiko mita 2,835. Mawingu yanayotoka baharini hupanda ule mteremko na kumwaga mzigo wake njiani. Kinachofika ndani siku nyingi ni chembe ndogo za barafu zinazoelea na kumetameta juani, wakati mwingine bila wingu lolote juu. Wanaofanya kazi huko huziita vumbi la almasi.

Basi barafu imekuwaje nene hivyo? Kule ndani haiyeyuki. Hakuna zaidi ya hapo. Kwenye kituo cha Concordia, kilicho kwenye uwanda huo wa mashariki, Wazungu walichimba na kutoa nguzo nyembamba ya barafu yenye urefu wa zaidi ya mita 3,200, na kupata kumbukumbu ya hali ya hewa ya miaka 800,000. Huo ni mrundikano wa theluji haba iliyokaa pale muda mrefu mno. Na msiniambie ni kwa kukosa jua. Mwezi Desemba, juu kabisa ya angahewa, Ncha ya Kusini hupokea nishati ya jua nyingi zaidi kwa siku kuliko Ikweta, maana jua halizami. Lakini theluji safi hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga huo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kweli. Kila nikieleza haya, mtu ananionyesha video: watu wamejifunga kamba wasipoteane, weupe mtupu, hata mkono wako huuoni. "Hiyo si theluji inaanguka?" Hapana. Mara nyingi hiyo ni theluji iliyoanguka zamani, mahali pengine, na sasa inahamishwa. Ungepanda mita chache juu ya hiyo tufani ungeweza kukuta anga ya buluu na jua linawaka.

Tazama inavyotokea. Juu ya uwanda, uso wa barafu hupoteza joto kuelekea angani, na hewa iliyolala juu yake hupoa hadi kuwa baridi kuliko hewa iliyo juu zaidi. Hapo ule mpangilio tuliouzoea, kwamba ukipanda unapata baridi, unageuka. Hewa hiyo nzito huanza kuteremka kuelekea baharini, kama maji yanavyofuata bonde. Inapobanwa kwenye makorongo ya pwani inakuwa upepo ambao huku kwetu hatuna mfano wake. Msafara wa mpelelezi wa Australia, Douglas Mawson, ulipiga kambi Cape Denison, kwenye pwani ya Antaktika, mwaka 1912, mahali ambapo upepo huo hukaribia kuwa hali ya kila siku. Kwenye kituo cha Wafaransa cha Dumont d'Urville, mwaka 1972, ulipimwa mvumo wa kilomita 327 kwa saa. Upepo wa nguvu hiyo huchukua theluji, huisaga ikawa unga, na njiani sehemu yake hugeuka mvuke bila kuwa maji kwanza. Ndiyo maana kuna mahali theluji huliwa zaidi kuliko inavyoongezwa, na kuna mahali majengo huzikwa. Kituo cha kwanza pale Ncha ya Kusini kilifukiwa. Cha sasa, kilichozinduliwa mwaka 2008, kimesimama juu ya miguu ili upepo upite chini yake na kufagia.

Na hapa ndipo pana jambo ambalo vitabu hulipita haraka: kile kiwango cha milimita 150 hakikutoka kwenye kipimamvua. Kipimamvua cha kawaida hakifai kabisa kule. Upepo ukivuma, kinakosa theluji inayoanguka na kinajaa theluji inayopeperushwa, na hakiwezi kutofautisha. Kwa hiyo watu huchomeka vijiti. Unasimamisha safu ya vijiti, unarudi kupima kila kimoja kimebaki wazi sentimita ngapi. Lakini uso wa theluji una matuta yaliyochongwa na upepo, na kimo cha tuta moja kinaweza kuzidi theluji yote ya miaka kadhaa. Kijiti hiki kinakwambia umepata sentimita kumi, cha jirani yake kinakwambia umepoteza tano. Yote mawili ni kweli. Inabidi vijiti vingi, kwa miaka mingi, ndipo wastani uanze kuwa na maana.

Njia nyingine ni kuchimba na kutafuta tabaka lenye tarehe inayojulikana: majivu na tindikali za mlima wa volkano wa Tambora, Indonesia, uliolipuka mwaka 1815, au mabaki ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960. Unapima theluji iliyo juu yake, unagawa kwa miaka. Hiyo naiamini zaidi, ila inakupa wastani wa miongo na inakuficha kilichotokea mwaka jana. Pengo linalobaki hujazwa na setilaiti na modeli za kompyuta, na modeli nzuri kabisa hutofautiana kati yake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Mtu atauliza, sehemu moja ya kumi ya theluji haba ina uzito gani? Ina uzito mkubwa, kwa sababu bara ni kubwa. Theluji ya mwaka mmoja ya Antaktika ni sawa na milimita sita hivi za kina cha bahari zote za dunia. Nyingi ya hizo hurudi baharini kwa barafu inayomeguka na kuyeyuka pembezoni. Kosa la sehemu moja ya kumi ni zaidi ya nusu milimita kila mwaka, wakati bahari yote sasa inapanda kati ya milimita tatu na nne na kitu. Magharibi mwa bara hakuna ubishi: barafu ya Thwaites na Pine Island, mito mikubwa ya barafu inayoteremka baharini, inapungua, maji ya vuguvugu yanaila kwa chini. Mashariki wataalamu bado wanabishana kama inaongezeka au inapungua, na ubishi huo kwa sehemu kubwa ni ubishi juu ya theluji.

Mwezi Machi 2022 hewa yenye unyevu kutoka baharini iliingia hadi ndani kabisa, na Concordia ikapanda zaidi ya nyuzi 30 juu ya kawaida ya msimu. Ilileta theluji nyingi kwa siku chache. Matukio machache ya namna hiyo yanaweza kubeba sehemu kubwa ya theluji ya mwaka mzima, na hewa ikizidi kupata joto itabeba mvuke zaidi kuelekea huko. Anayeamini kwamba huko theluji huanguka kila siku hawezi kuona kwa nini siku tatu za Machi zilituamsha wote tunaofanya kazi hii.