Jimbo la Uchaguzi Likifutwa, Wapigakura Hawafutwi Nalo

Wengi huamini kwamba jimbo la uchaguzi likifutwa, wakazi wake hupoteza mwakilishi. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa jina lililozoeleka hutoweka kwenye karatasi za kura. Hata hivyo, tuangalie Timmins—James Bay, jimbo la bunge la mkoa wa Ontario nchini Kanada, lililodumu tangu uchaguzi wa mwaka 1999 hadi ule wa 2018, mipaka ilipochorwa upya. Mji wa Timmins ulipata jimbo lake, na jamii za kaskazini zaidi, ukiwemo mji mdogo wa Moosonee wenye wakazi wengi Wakree (mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Kanada), zikaingia katika jimbo jipya la Mushkegowuk—James Bay. Kiti kimoja kilizaa viwili, jambo ambalo naliona la haki kwa watu waliokuwa wakiishi mbali mno na mbunge wao.

Mkanganyiko huongezwa na jina lenyewe, kwani lilibaki likitumika katika bunge la shirikisho, yaani la Kanada nzima, hata baada ya 2018. Kwa hiyo msomaji aulize kwanza ni bunge lipi linalozungumziwa, kisha alinganishe ramani za chaguzi mbili zinazofuatana, akiitafuta Moosonee na kusoma imewekwa chini ya jimbo gani.