Kabla Hujashusha Injini, Pima Kwanza

Kila msimu wa ukaguzi wa magari na stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani unapokaribia, karakana yetu ya mafunzo hapa Dar es Salaam hupokea malalamiko ya aina moja. Mwenye gari, aghalabu IST, Spacio, Raum au Premio iliyokwisha tembea kilomita laki mbili na ushee, anasema gari halivuti. Likifika mwinuko wa Kimara, lazima azime AC. Fundi amemwambia injini imekwisha, akatafute nyingine Ilala. Ameitafuta, amelipa, imefungwa. Gari ni zito vilevile, na sasa namba ya injini hailingani na iliyo kwenye kadi ya usajili wa gari.

Makala haya hayakusudii kuwasema mafundi. Wengi wamepita mikononi mwetu. Wala kitengo chetu hakipendekezi gereji, duka au aina fulani ya bidhaa. Tunachoomba ni kimoja: injini isihukumiwe kabla ya kupimwa.

Tuanze na kilomita. Gari la mtumba kutoka Japani linaweza kuonyesha elfu themanini kwenye dashibodi huku limetembea mara tatu ya hapo. Cheti cha kuondolea gari Japani huandikwa kilomita zake. Kama hukukisoma wakati wa kununua, kisome leo.

Pili, gari zito si lazima liwe na injini mbovu. Breki zinazobana, matairi yenye upepo mdogo na gia boksi inayoteleza huleta malalamiko yaleyale. Kazi ya kuchunguza haya haifiki saa moja, na hainunuliwi hata skrubu.

Ndani ya injini yenyewe, nguvu nyingi zinazodaiwa kupotea kwa uchakavu huwa zimepotelea kwingine. Plagi zimepitiliza muda. Ea klina imeziba kwa vumbi. Throto, yaani mlango wa hewa wa injini, ina masizi. Sensa ya hewa ina uchafu, kwa hiyo kompyuta inapima hewa kidogo kuliko inayoingia. Pampu ya petroli imechoka kwa sababu kila siku inaendeshwa kwenye tenki la robo, ilhali petroli ndiyo inayoipoza. Haya mafundi wanayajua na sitayarefusha.

Nitakayoyarefusha ni yale yanayofanywa kwa makusudi, tena kwa kulipia.

La kwanza ni kutoa thamostati, valvu inayofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini kulingana na joto. Bado tunaelezwa, hata na watu waliosoma, kwamba "nchi ya joto haihitaji thamostati". Haina uhusiano wowote na joto la nchi. Thamostati ya injini ya Toyota kama 1NZ huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, joto ambalo Dar es Salaam haijawahi kulifikia. Kazi yake ni kuifikisha injini haraka kwenye joto lake la kazi na kuibakiza hapo. Ukiitoa, sensa ya joto inaendelea kuiambia kompyuta kwamba injini ni baridi, nayo inaongeza petroli. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi za pistoni zinasuguana na chuma kikavu. Hata gia ya juu inaweza kuchelewa kuingia. Kwa hiyo mtu anatoa kifaa cha bei ndogo ili kuilinda injini, kisha baada ya miaka miwili anakuja kulalamika kwamba injini imechoka. Kama gari linachemsha, tatizo ni rejeta, feni, pampu ya maji, mfuniko au gasketi ya kichwa. Litafutwe hilo.

La pili ni kutoboa masega, yaani kifaa chenye vitundu kama sega kinachosafisha moshi kwenye ekzosi. Ni kweli masega yaliyoziba huinyonga injini: gari linawaka vizuri, linanguruma vizuri, lakini kwenye kasi linagoma kama limefungwa kamba. Lakini kuziba kwake hupimwa. Inafunguliwa sensa ya oksijeni ya kwanza, inafungwa geji ya shinikizo mahali pake, injini inapandishwa hadi mizunguko 2,500 kwa dakika. Geji ikivuka psi 3 (paundi kwa inchi ya mraba), njia ina kizuizi. Ikibaki chini ya hapo, masega hayana hatia, na kuyatoboa hakutakupa nguvu isipokuwa kelele, harufu na taa ya injini isiyozimika. Na yakiwa yameziba kweli, jiulize yamezibwa na nini. Injini inayounguza oili au yenye silinda inayokosa moto itayaziba na mapya pia. Katika baadhi ya Nissan X-Trail za toleo la kwanza zenye injini za QR, masega yanayomomonyoka ni hatari zaidi, maana vumbi lake linaweza kuvutwa kurudi ndani ya silinda.

La tatu ni oili. Injini za VVT-i hutumia shinikizo la oili kusogeza muda wa kufunguka kwa valvu. Oili nene ya 20W-50 katika injini iliyotengenezewa 5W-30 huchelewesha kazi hiyo, hasa asubuhi. Wapo wanaoiweka ili kupunguza moshi, na kwa injini iliyokwisha kabisa hilo laweza kumsogeza mtu miezi kadhaa. Si matengenezo. Kabla ya kuilaumu injini, kifunguliwe kichungi kidogo cha valvu ya oili ya VVT-i, wavu usiozidi ncha ya kidole, ambao kwenye 1NZ na 1ZZ husahaulika maisha yote ya gari. Ukiziba kwa matope ya oili, injini inabaki na nguvu za chini tu. Tazama pia herufi zilizo kwenye galoni: API SF ni kiwango cha injini za 1988 kurudi nyuma, na oili yake bado inauzwa. Gari lako la 2004 halimo humo.

Kuosha injini kwa ndani kwa dizeli au mafuta ya taa tunakukataza moja kwa moja. Matope yanayong'oka hukimbilia kwenye chujio la sampu, bakuli la oili chini ya injini, na ukiwasha gari, injini inakaa bila oili. Dawa za chupa za "kurudisha nguvu" hazioteshi chuma kilicholika.

Sasa kipimo chenyewe cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ambacho ndicho hakimu wa suala hili. Nakieleza hatua kwa hatua ili ukisimama gerejini ujue kama kinafanywa au kinaigizwa. Betri iwe imejaa, kwa sababu betri dhaifu huzungusha injini polepole na kutoa namba za uongo. Injini ipate moto wa kawaida kisha izimwe. Koili zote zichomolewe, na fyuzi au relei ya petroli itolewe ili mafuta yasimwagike ndani. Plagi zote nne zitolewe, si moja moja. Hapa ndipo wengi hufanya njia ya mkato. Geji ifungwe kwenye silinda ya kwanza, mtu akanyage pedeli ya mafuta hadi mwisho ili throto ifunguke, starta ipigwe kwa sekunde chache hadi mshale usimame. Iandikwe namba. Ifanywe hivyo kwa silinda zote, kila moja mara mbili.

Kisha kila silinda iliyo chini iwekewe kijiko kimoja cha chai cha oili safi kupitia tundu la plagi, ipimwe tena. Namba ikipanda waziwazi, ringi au silinda zimelika, kwa sababu oili imeziba mwanya. Isipopanda, tafuta kwenye valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, shuku gasketi ya kichwa. Kwa injini za Toyota tunazozizungumzia, tofauti kati ya silinda haitakiwi kuzidi kilo 1 kwa sentimita ya mraba. Kiwango cha chini kisomwe kwenye kitabu cha injini husika.

Kwa injini ya 1NZ au 2NZ kuna jambo jingine la kupima kabla ya kufungua: nafasi ya valvu, yaani mwanya unaoachwa juu yake. Ya kuingiza hewa iwe kati ya milimita 0.15 na 0.25, ya kutoa moshi 0.25 hadi 0.35. Valvu iliyobana haifungi sawasawa ikipata moto, na kompresheni inashuka wakati ringi ni nzima.

Ringi zikithibitika, bado si lazima uhamishe injini. Injini nyingi za 1ZZ za miaka ya mwanzo hula oili kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni machache na huziba kwa masizi, ringi zikaganda. Pistoni za toleo lililorekebishwa, ringi mpya na sili za valvu humaliza kazi, mradi silinda zipimwe na kuchongwa pale tu zinapohitaji. Injini ya mtumba iliyotoka kwenye gari lingine lenye kilomita zisizojulikana ni bahati nasibu, na muuzaji anayekataa ipimwe kompresheni kabla hujalipa amekwisha kukujibu.

Ukiamua hata hivyo kubadilisha, elewa hili, kwa sababu ndilo linalotuletea watu wenye machozi. Namba ya injini imegongwa kwenye bloki. Kubadilisha kichwa, pistoni au ringi hakuigusi. Kubadilisha bloki, hata kwa kile kiitwacho nusu injini, kunaibadilisha, na kadi ya gari lazima ifuate. Msajili wa magari ni TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Kusanya risiti halali ya injini yenye namba yake, na nyaraka za forodha kama imeagizwa nje. Gari likaguliwe na mkaguzi wa magari wa polisi aithibitishe namba. Kisha uombe TRA mabadiliko ya taarifa ukiwa na ripoti ya ukaguzi huo na kadi halisi. Fanya kabla ya kuuza gari na kabla ya kuhuisha bima.

"Nitafanya baadaye" ni sentensi tunayoisikia sana. Gari lenye namba isiyolingana linaweza kuzuiliwa kwa uchunguzi, mnunuzi atagoma, na kampuni ya bima inapewa sababu ya kuhoji dai lako. Injini ikibainika ilitoka kwenye gari la wizi, kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, pale inapothibitika ulijua au ulikuwa na sababu ya kujua. Bei ya nusu ya soko bila risiti inaweza kuhesabiwa kuwa sababu ya kujua. Usiruhusu pia mtu yeyote akwangue au agonge upya namba ili ifanane na kadi. Hapo unatoka kwenye uzembe wa karatasi na kuingia kwenye jinai.

Kadi mpya ikitoka, isome namba ya injini tarakimu kwa tarakimu, ukiilinganisha na bloki, siku hiyohiyo. Ikiwa imekosewa, omba isahihishwe papo hapo ukiwa bado na ripoti ya ukaguzi mkononi.