Mtoto mchanga ana pia za goti

Wengi tumesikia kwamba mtoto huzaliwa bila pia za goti, eti huota akishaanza kutambaa. Si kweli. Pia hizo huanza kuumbika ndani ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba, ila mtoto huzaliwa zikiwa bado gegedu, yaani tishu ngumu kiasi inayonyumbulika, si mfupa. Gegedu halionekani vizuri kwenye eksirei, na nadhani hapo ndipo uvumi ulipopata nguvu.

Msimamizi mkuu wa kuumbika kwa gegedu ni jeni (kipande cha maelekezo ya urithi ndani ya seli) iitwayo SOX9. Seli za kiinitete, yaani mimba changa, hujikusanya mahali mfupa utakapokuwa, kisha SOX9 huzielekeza ziwe seli za gegedu. Ikisaidiwa na jeni za SOX5 na SOX6, huwasha COL2A1, jeni ya kolajeni ya aina ya pili, nyuzi zinazolipa gegedu uimara. Nakala moja tu kati ya mbili za SOX9 ikiharibika, mtoto anaweza kuzaliwa na mifupa ya miguu iliyopinda na shida kubwa ya kupumua.

Wapo kweli wasio na pia za goti: baadhi ya wenye hitilafu katika jeni nyingine, LMX1B; hitilafu hiyo huharibu hata kucha. Kwa watoto wengi, mfupa huanza kujengeka ndani ya gegedu la pia za goti kati ya miaka 2 na 6.