Mgeni Darasani Ni Nani? Dhana Potofu Kuhusu Lugha za Watoto Kigoma na Tabora

Mwalimu anayepangiwa Buhigwe au Kakonko akitokea Moshi, Tukuyu au Mtwara huambiwa mengi kabla hajashusha begi. Ofisi ya walimu humpa muhtasari wake: watoto wa huku wazito, Kiswahili hakiwapandi, wazazi hawana habari. Sehemu kubwa ya muhtasari huo ni urithi tu, kila kundi la walimu wapya linaupokea kwa waliotangulia na kuupitisha mbele. Nimekusanya hapa yale ninayoyasikia mara nyingi, na pembeni yake nimeweka ukweli ninaoujua. Mengine hayastahili zaidi ya mistari michache.

"Wasiojua Kiswahili ni watoto wachache tu"

Vitabu vingi vya ualimu kuhusu jambo hili vimeandikwa katika nchi ambazo mwenye lugha tofauti ni mtoto mmoja au wawili wa wahamiaji, wameketi katikati ya wenyeji. Nenda Heru Juu, Kasulu, uone mambo yalivyogeuka. Darasa la kwanza zima linaongea Kiha, lugha ya Waha wa Kigoma, tangu mlangoni hadi dawati la mwisho, na asiyeelewa kinachosemwa ni mtu mmoja aliyesimama mbele ameshika chaki. Mgeni ni yeye. Wenzangu wengi hawapendi kuambiwa hivi, lakini mwalimu akishalikubali hilo kazi yake inaanza kunyooka, maana anaacha kujiuliza watoto wana kasoro gani na anaanza kuuliza yeye mwenyewe anakosa nini.

Wala si Kiha pekee. Kando ya Ziwa Tanganyika utawakuta Wabembe, Ujiji kuna Wamanyema, kusini kuelekea Mahale kuna Watongwe, na Uvinza imepokea wafugaji wa Kisukuma waliohamia na mifugo yao. Tabora nako Kinyamwezi kinakaa jirani na Kisukuma cha Igunga na Nzega. Urambo na Kaliua zina familia za Waha zilizofuata kazi za mashamba ya tumbaku, na kuna Ulyankulu, ambako Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa makazi. Serikali ya Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 kati ya wakimbizi hao wa zamani wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wajukuu wao ni Watanzania kama wewe, na nyumbani kwa bibi Kirundi bado kinasikika.

Anayedhani mchanganyiko huu umeletwa na kambi za wakimbizi akumbuke kwamba Ujiji na Tabora zilikuwa vituo vya misafara katika karne ya 19. Kiswahili chenyewe kilifika huku kwa njia hiyo, kikiwa lugha ya watu wenye lugha nyingine majumbani mwao.

"Kiha kinamchelewesha mtoto, wazazi waache kukizungumza"

Huu ndio ushauri wenye madhara kuliko yote, na hutolewa kwa nia njema kabisa kwenye vikao vya wazazi. Mama anaambiwa aongee Kiswahili na mwanawe. Kiswahili chake mwenyewe ni cha sokoni, cha bei na salamu. Basi anarudi nyumbani na kupunguza maneno: hadithi za jioni zinakoma, maelezo ya kwa nini mihogo hulowekwa yanakoma, kinachobaki ni "njoo", "leta", "acha". Mtoto anapoteza lugha pana aliyokuwa anaijenga na kupewa nyembamba mahali pake.

Ukweli uliothibitishwa na tafiti za miaka mingi ni kwamba ujuzi wa lugha huhama. Aliyejifunza kusimulia kwa mpangilio, kulinganisha na kutoa sababu kwa Kiha hahitaji kufundishwa upya kufikiri akiingia kwenye Kiswahili, anahitaji maneno. UNESCO walishauri tangu 1953 kwamba mtoto aanze kusoma kwa lugha ya mama. Jim Cummins, mtafiti wa Toronto nchini Kanada, alieleza miaka ya 1970 jinsi lugha mbili za mtu mmoja zinavyoshirikiana mizizi chini kwa chini hata kama juu zinaonekana mbali. Na kati ya Kiha na Kiswahili hata hapo juu hakuna umbali mkubwa, kwani zote ni lugha za Kibantu, zenye ngeli na vitenzi vinavyojengwa kwa namna inayofanana.

Anayetaka mfano wa karibu amtazame Mwalimu Nyerere. Alikulia Butiama akiongea Kizanaki, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka kama 12. Kutoka hapo alikuja Tabora kusoma sekondari, na baadaye akarudi mjini humo humo kufundisha. Ndiye aliyekuja kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Kizanaki hakikumzuia.

"Anapiga soga vizuri tu, kwenye mtihani anajifanya hajui"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watoto wengi hupotea bila mtu kujua.

Mtoto wa darasa la nne anagombana kwa Kiswahili uwanjani, anauza karanga stendi ya Kasulu kwa Kiswahili, anaimba nyimbo za redio. Mwalimu anahitimisha kwamba lugha imeshakamilika, hivyo akifeli sayansi ni uvivu. Cummins ndiye aliyetenganisha mambo haya mawili mwaka 1979: lugha ya mazungumzo, ambayo uso, mikono na mazingira huisaidia, na lugha ya masomo, ambayo imesimama peke yake kwenye karatasi. Alipochunguza watoto wa wahamiaji Toronto alikuta ya kwanza hupatikana kwa takriban miaka miwili, ya pili huchukua mitano hadi saba kuwafikia wenzao. Kasulu si Toronto, na lugha mbili ndugu za Kibantu hufundishana haraka zaidi. Tofauti ya aina mbili za lugha, hata hivyo, iko pale pale.

Ebu fungua kitabu cha hisabati. *Kipeo cha pili* (3 hutoa 9) na *kipeuo cha pili* (9 hutoa 3) vimetenganishwa na irabu moja, na jibu la kimoja ni kinyume cha kingine. Kuna *kigawo kikubwa cha shirika* na *kigawe kidogo cha shirika*. Kwenye sayansi upo *usanisinuru*, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga. Hakuna stendi wala soko linalomfundisha mtoto maneno haya, hata mtoto wa Magomeni, Dar es Salaam, aliyezaliwa na Kiswahili kinywani anayakuta shuleni kwa mara ya kwanza. Tofauti ni kwamba wa Magomeni anahangaika na neno moja katika sentensi, wa Buhigwe anahangaika na neno hilo pamoja na sentensi yenyewe: "iwapo", "isipokuwa", "kila mmoja alipata mara mbili ya".

Kuna kipimo rahisi. Swali la mafumbo likimshinda mtoto, mwombe mwenzake amweleze kwa Kiha, kisha umwache akokotoe. Mama ana madumu matatu ya mawese, kila moja lita 20, ameuza lita 35, zimebaki ngapi? Akipata 25 baada ya kuelezwa, hesabu anaijua, kilichomkwamisha ni usomaji, na dawa yake ni usomaji. Akikosa bado, sasa unajua ni kutoa au kuzidisha kunakomsumbua. Bila kipimo hicho unatibu ugonjwa usioujua.

"Hisabati haina lugha, tarakimu ni zile zile duniani kote"

Tarakimu ndiyo, uandishi wake hapana. Mtoto aliyesoma miaka michache Bujumbura au Uvira kabla ya kuvuka ametoka kwenye mfumo wa Kifaransa. Tatu na nusu ataiandika 3,5 kwa mkato pale sisi tunapoweka nukta. Kugawanya kwa njia ndefu ataweka namba inayogawanya upande wa kulia na jibu chini yake, wakati sisi tunaiweka kushoto na jibu juu. Mwalimu mwenye haraka anaona vurugu, anapiga kosa ukurasa mzima. Jibu lilikuwa sahihi. Dakika moja ya kumwambia "hebu nionyeshe ulivyofanya" ingeokoa daftari zima.

"Wakongo wanajua Kiswahili, na Kirundi ni Kiha tu, kwa hiyo hao hawana shida"

Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kitshiluba, lakini Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa kina sarufi yake na maneno yake ya Kifaransa. Mtoto anayesema "niko nasoma" anafuata kanuni ya kwao. Kumcheka mbele ya darasa ni kumfundisha kunyamaza. Isitoshe, Kifaransa ndicho kinachotawala madarasa ya juu huko. Na ndani ya kambi kama Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, watoto wamekuwa wakisoma kwa mitaala ya nchi walikotoka. Mtu anaweza kuongea Kiswahili tangu kuzaliwa na asiwe amewahi kusoma somo hata moja kwa lugha hiyo.

Kuhusu Kiha na Kirundi, ni kweli wenye lugha hizo huelewana vizuri sana, na mwalimu mwenye akili atamkalisha Mrundi karibu na Muha. Kuwaita wote kitu kimoja ni jambo jingine. Wenyewe hawajioni hivyo, na kuna watoto wa Kiha wanaotaniwa "mkimbizi" huko mjini kwa sababu ya lafudhi tu. Utani huo huumiza pande zote mbili.

"Asiyejibu ni mzito"

Anayejifunza lugha mpya huweza kupita kipindi kirefu cha kusikiliza kabla ya kusema. Wataalamu wa lugha wanakijua kipindi hicho na hawakihesabu kuwa ugonjwa. Mwangalie mtoto huyo anapoambiwa afanye jambo: achore, apange mawe, aonyeshe picha. Anaelewa zaidi ya anavyosema. Ongeza na malezi: nyumba nyingi za huku humfunza mtoto asimjibu mkubwa haraka wala kumkazia macho. Mwalimu anasubiri sekunde mbili kisha anamrukia mwingine, na mwenye adabu ndiye anayeandikwa mzito.

"Balua" na "kalibu" ni uzembe

Ni masikio. Mtoto wa Kinyamwezi au Kisukuma anayeandika l palipo na r anaandika anachosikia, kwa kuwa lugha yake haizitenganishi kama Kiswahili. Fundisha tofauti hiyo wazi wazi katika kipindi cha imla. Kwenye insha ya jiografia, soma kwanza alichosema.

"Kuruhusu lugha za makabila ni kuleta ukabila"

Hofu hii ina historia na siibezi. Kiswahili kimetuunganisha, na sera ziko wazi kwamba ndicho lugha ya kufundishia shule za msingi za serikali. Lakini Sera ya Utamaduni ya 1997 ilizitambua pia lugha za jamii kuwa hazina ya taifa, na sijawahi kuona mahali panapomtaka mwalimu amvishe mtoto kibao cha adhabu shingoni kwa kumnong'oneza mwenzake maana ya neno. Watoto wawili wakijadiliana kwa Kiha kwa dakika tatu, kisha mmoja akasimama na kutoa jibu kwa Kiswahili, Kiswahili kimeshinda. Walikuwa na kitu cha kusema, na wamekisema kwacho.

"Mwalimu angepaswa kujua lugha zote hizo"

Hapana, na hakuna anayeweza. Salamu na maneno ya kuelekeza yanatosha kuanzia, na watoto watakufundisha kwa furaha, wakikucheka kidogo, jambo ambalo halijaua mwalimu yeyote. Karatasi za manila ukutani zenye maneno ya mada, picha, na tafsiri zilizoandikwa na watoto wenyewe hugharimu kidogo. Katika darasa lililojaa hadi dirishani, wawili wawili ndiyo njia pekee ya kila mtoto kufungua mdomo.

"Viziwi wana lugha moja dunia nzima"

Wengi huisahau lugha hii wanapohesabu lugha za Tabora, na mji huo ndio wenye shule ya kwanza ya viziwi nchini, iliyoanza 1963. Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, tofauti na ya Uingereza au Marekani, na haifuati mpangilio wa maneno ya Kiswahili. Kiswahili cha maandishi kwa mtoto kiziwi ni lugha ya pili.

"Siku ya ngoma inatosha"

Ngoma ni nzuri. Jumatatu yake mtoto anarudi kwenye mifano ya hesabu yenye treni za mwendokasi na ghorofa, wakati angeweza kupigia hesabu dagaa wa Kibirizi.

"Akifaulu darasa la saba suala la lugha limeisha"

Kidato cha kwanza lugha ya kufundishia inageuka kuwa Kiingereza. Kwa mtoto wa Dar es Salaam ni lugha ya pili, kwa huyu wa Kibondo ni ya tatu, na hupewa wiki chache za kozi ya kumvusha. Walimu wa sekondari hulaumu msingi, wa msingi hulaumu nyumbani. Mwalimu wa baiolojia wa kidato cha kwanza anaweza kuanza na jambo dogo: kila mada mpya, kabla ya istilahi za Kiingereza, awape watoto dakika tano waandike kwa Kiswahili wanachokijua tayari kuhusu mada hiyo. Huyo wa Kibondo atashangaza watu. Usanisinuru alishaumaliza darasani miaka miwili iliyopita, na majani ya mihogo yanayogeuka manjano kivulini ameyaona maisha yake yote.