Je, Wajua kwa Nini Mvuvi wa Trauti Humwachilia Samaki Aliyemhangaikia Siku Nzima?

Kwa watu wengi kuvua ni kutafuta kitoweo, hivyo hushangaa wakisikia kwamba yuko mvuvi anayesimama katika maji baridi ya mto tangu asubuhi, akamnasa trauti mmoja mzuri, kisha akamtoa ndoano na kumrudisha alikotoka. Si kwamba samaki huyo hafai kuliwa, maana nyama ya trauti inasifika. Katika uvuvi huu, unaotumia mdudu bandia badala ya chambo, karibu raha yote hupatikana kabla samaki hajafika mkononi, na anapofumba kinywa juu ya mdudu huyo, lile ambalo mvuvi alikuwa akilitafuta limekwisha kutimia.

Mdudu bandia ni ndoano ndogo iliyozungushiwa uzi, manyoya na pengine sufu, ikafanana na kiumbe fulani cha mtoni. Ufundi huu ni wa kale: Claudius Aelianus, mwandishi wa Kirumi aliyeandika takribani mwaka 200 BK, anawaeleza watu wa Makedonia waliofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoano ili kuwanasa samaki wenye madoadoa. Kwa kuwa mdudu huyo hana uzito wa kutosha kurushwa peke yake, uzito umewekwa kwenye mshipi, ambao ni mnene na huishia kwenye uzi mwembamba usioonekana kwa urahisi. Mvuvi huuinua mshipi kutoka majini kwa ufito wake, akaurusha nyuma, akasimamisha mkono ghafla, akangoja ujinyooshe wote hewani, ndipo akausukuma mbele, ufito ukipinda na kujifyatua. Anayekosa subira ya kungoja hapo katikati, mshipi humwangukia miguuni. Anayeipata hiyo subira huona mshipi ukijikunjua juu ya maji na mdudu akitua bila kishindo, na wapo wanaoridhika na hilo tu hata siku ambayo hawakupata samaki.

Lakini kurusha ni sehemu ndogo. Kazi kubwa ni kuusoma mto. Trauti hukaa kichwa kikielekea mkondo unakotoka, kwa sababu ndiko chakula kinakotoka, na hawezi kutumia nguvu nyingi kumfukuza mdudu kuliko zile atakazopata kwa kumla. Kwa hiyo huchagua maji ya polepole nyuma ya jiwe, au mpaka kati ya mkondo wa kasi na ule uliotulia, akapumzika huku chakula kikimpitia karibu. Macho yake nayo yana mipaka ambayo mvuvi hana budi kuijua. Mwanga hupinda unapoingia majini, hivyo samaki huona ulimwengu wa juu kupitia duara moja tu lililo juu ya kichwa chake, lenye upana wa pembe ya takribani nyuzi 97; nje ya duara hilo, uso wa maji humrudishia taswira ya chini ya mto kama kioo. Mtu anayemjia kutoka nyuma, akiwa ameinama, huangukia ukingoni mwa duara, mahali ambapo vitu huonekana kwa shida. Akikanyaga mawe kwa kishindo, hata hivyo, samaki huuhisi mtikisiko kwa mstari wa hisia ulio ubavuni mwake, na kazi ya nusu saa hupotea.

Hapo bado hatujafika kwenye swali la chakula, ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote. Wadudu wa kundi ambalo wanasayansi huliita Ephemeroptera huishi chini ya mawe wakiwa tunutu, yaani wachanga wasio na mabawa, kwa miezi mingi, mara nyingi mwaka mzima, kisha hupanda juu, wakavua ngozi na kutokeza mabawa. Wakiisha kukomaa hawana kinywa kinachoweza kula. Huishi saa chache au siku moja mbili, wakapandana, wakataga mayai na kufa. Wanapopanda kwa wingi, trauti aghalabu huacha vingine vyote akala aina hiyo moja, tena pengine hatua moja tu ya aina hiyo, kama vile wale waliokwama ndani ya ngozi yao chini kidogo ya uso wa maji, akiwapuuza walioketi juu mabawa yakiwa wima. Mvuvi mzoefu hutambua tofauti hiyo kwa kutazama viwimbi vya duara: samaki akiacha kiputo cha hewa katikati yake, amemla mdudu aliyekuwa juu, kwa sababu amemeza na hewa; maji yakivimba tu bila kiputo, huenda anakula chini yake. Mdudu bandia hubadilishwa kulingana na ushahidi huo.

Hata akichaguliwa sawasawa, hana budi kuelea kwa mwendo wa maji yanayombeba. Mshipi ukilala juu ya mikondo miwili yenye kasi tofauti, humvuta akaacha mkwaruzo juu ya maji, na trauti aliyekuwa anainuka hurudi chini. Kwa hiyo pale samaki anapoinuka taratibu, akamtazama mdudu na kumla, huwa amethibitisha kwamba mvuvi alisoma sawa mkondo, mdudu na saa. Hakuna hakimu mwingine wa hukumu hiyo, na kumuua samaki hakuiongezei chochote.

Ziko pia sababu za mto wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mvuvi wa Marekani Lee Wulff aliandika kwamba samaki wa namna hii ana thamani kubwa mno hata haifai avuliwe mara moja tu kisha basi, na mito imethibitisha maneno yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1986 ulikadiria kwamba trauti wa sehemu moja ya Mto Yellowstone, huko huko Marekani, ambako kila samaki alipaswa kuachiliwa, walinaswa kwa wastani wa zaidi ya mara 9 kila mmoja katika msimu mmoja, na waliokufa walikuwa wachache. Jimbo la Montana liliacha mwaka 1974 kupandikiza samaki wa kufugwa katika mito yenye trauti wanaozaliana humo, na katika mito kama hiyo kila samaki mkubwa anayerudishwa ni mzazi.

Kuachilia kuna maana tu ikiwa samaki ataishi. Mdudu bandia husaidia, kwa kuwa kwa kawaida hunasa mdomoni, ilhali chambo humezwa hadi tumboni. Hatari kubwa ni hewa. Katika jaribio la maabara lililochapishwa Kanada mwaka 1992, miongoni mwa trauti waliokimbizwa hadi kuchoka kabisa, waliobaki majini walikufa asilimia 12, waliokaa hewani sekunde 30 asilimia 38, na waliokaa sekunde 60 asilimia 72, maana matamvua hushikana yanapokosa maji. Ndiyo maana mvuvi makini huibana kwa koleo ile ncha ya nyuma inayozuia ndoano kuchomoka, hulowesha mikono ili asifute ute unaoikinga ngozi dhidi ya maradhi, humtoa samaki ndoano akiwa angali majini, kisha humshikilia akielekea mkondo mpaka apate nguvu ya kuondoka mwenyewe. Kumshikilia samaki hewani kwa muda mrefu ili kupiga picha za kujionyesha ndiko kunakoua.

Wapo wanaopinga uvuvi huu, na hoja yao ni nzito. Mwaka 2003 mtafiti Lynne Sneddon na wenzake walionyesha kwamba trauti ana neva zinazoitikia majeraha, na sheria ya Uswisi inakataza kwenda kuvua kwa nia ya kuachilia, kwa msingi kwamba haifai kumsumbua mnyama bila haja ya kumla. Mimi naamini mto unaopendwa na watu wengi bila kumalizwa unalindwa vyema zaidi, lakini imani hiyo inamdai mvuvi awe tayari pia kutovua. Maji yakipanda joto hubeba oksijeni kidogo, wakati ambapo samaki aliyechoka anaihitaji zaidi. Kwa hiyo wengi hubeba kipimajoto, na kikikaribia nyuzi 20 za Selsiasi hukunja mshipi hata kama samaki bado wanainuka.